Majina Matano Hayakuenea kwenye Lebo

Kwenye rekodi ya House of the Rising Sun ya The Animals, bendi ya Newcastle, Uingereza, kuna kitu kinaniuma kila nikikifikiria, na sio wimbo wenyewe, wimbo wenyewe ni mtamu mpaka kesho. Ni ile karatasi ya mviringo inayobandikwa katikati ya sahani ya santuri. Pale chini ya jina la wimbo wameandika kwamba ni wimbo wa asili, umepangwa na Alan Price, yaani yeye ndiye aliyeamua upigwe vipi. Basi. Mtu mmoja. Wakati bendi ilikuwa na watu watano, Eric Burdon anaimba, Price yuko kwenye kinanda, Hilton Valentine gitaa, Chas Chandler besi, John Steel dramu. Wenyewe wamesimulia miaka nenda rudi kwamba waliambiwa majina matano hayataenea kwenye lebo, kwa hiyo liwekwe moja tu, hela watakuja kugawana. Likachaguliwa la Price, inasemekana kwa sababu Alan inaanza na A. Mirabaha ya upangaji ikaanza kuingia, ikawa inaingia kwa Price, mwaka uliofuata Price akaondoka kwenye bendi, na mgao wenyewe ukaishia hapo.

Nimeanzia hapo kwa makusudi. Watu wakikaa kubishana kuhusu huu wimbo wanabishana nani kauimba vizuri zaidi, na mimi nabishana nao sana tu, lakini leo nataka tuongelee nani aliubeba. Manake ulipowafikia hao vijana wa Newcastle ulikuwa umeshapita kwenye midomo mingi mno, karibu kila aliyeushika aliuongezea kitu, na karibu wote hawamo kwenye ile karatasi.

Rekodi yenyewe ni ya tarehe 18 Mei 1964, London, studio ya De Lane Lea iliyokuwa mtaa wa Kingsway. The Animals walikuwa katikati ya ziara na Chuck Berry, nyota wa rock wa Marekani, wakaingia studio kati ya shoo moja na nyingine, wakapiga, wakatoka. Teki moja! Ebu fikiria, siku hizi mtu anakaa wiki nzima anarekebisha sauti kwenye kompyuta, hawa jamaa waliingia wakapiga mara moja ikawa imetoka. Lakini hapo ndipo watu wanapokosea wakidhani ni bahati, kwa sababu walikuwa wameshaupiga jukwaani usiku baada ya usiku mbele ya mashabiki wa Chuck Berry. Na walikuwa na sababu ya kuuchagua, kwenye ziara ya Chuck Berry kila bendi inataka kuonyesha inajua kurock kuliko mwenyewe na hilo haliwezekani, kwa hiyo wao wakaamua kufanya kinyume, wanaleta wimbo wa taratibu wenye giza ndani yake. Watu wakawa wanatoka ukumbini wanauongelea huo.

Prodyuza wao, Mickie Most, mwanzoni hakuutaka. Na ukimfikiria unamwelewa kidogo, wimbo unakwenda karibu dakika 4 na nusu, miaka hiyo redioni wimbo ukizidi dakika 3 ni kama umejiloga mwenyewe. Hata Marekani walipoutoa waliukata ukawa chini ya dakika 3, kitu ambacho kwangu ni dhambi. Haikuzuia chochote. Julai 1964 ukawa namba moja Uingereza, Septemba ukawa namba moja Marekani ukakaa wiki 3.

Sasa tuusikilize wenyewe. Gitaa linaanza peke yake. Valentine hakwaruzi nyuzi zote kwa mpigo, anazivunja kodi (chords, zile noti zinazopigwa pamoja), uzi mmoja mmoja, anapanda nazo halafu anashuka, A maina, C, D, F, anarudi A maina, C, halafu E inayokuacha unaning'inia. Mapigo ni ya sita, yale ya kuyumba. Kama umewahi kushika gitaa hata miezi miwili tu kuna uwezekano mkubwa umeshapiga hicho kitu, mimi mjomba wangu alinipa hicho kama somo la kwanza la kuvunja kodi na vidole viliuma kweli kweli, na nina hakika kuna watu kibao wanakipiga bila kujua jina la Hilton Valentine. Mwenyewe alieleza kwamba mfuatano wa kodi aliutoa kwenye rekodi ya mwimbaji wa Marekani Bob Dylan, ile ya kuvunja vunja ndio ya kwake.

Halafu Burdon anaingia. Wiki moja tu nyuma alikuwa ametimiza miaka 23. Beti za mwanzo anaimba chini, kama mtu anayesimulia habari za jirani, wala hana haraka, halafu kinanda cha Price, Vox Continental ile yenye sauti nyembamba ya kukata, kinachukua nafasi katikati, na kikishatoka Burdon anarudi akiwa mtu mwingine kabisa, analia kwa koo zima, na wale waliobaki wanapanda naye. Hakuna kiitikio kwenye huu wimbo. Ni beti tu, zile zile kodi zinazunguka mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo kazi yote ya kuupandisha wimbo inafanywa na sauti ya mtu na ukali wa mikono. Solo ya kinanda ni kazi ya Price na ni nzuri mno, hilo simnyimi, lakini niambie wewe, huo ni upangaji wa mtu mmoja?

Ukiwauliza The Animals wenyewe waliutoa wapi hawakubaliani. Burdon amesema mara nyingi kwamba aliusikia kwanza kwenye klabu huko huko Newcastle ukiimbwa na mwimbaji wa nyimbo za asili anaitwa Johnny Handle, wengine wanasema ni kwenye albamu ya kwanza ya Dylan. Mi naona vyote vinawezekana. Ila njia inayopita kwa Dylan inafuatilika vizuri, na ukiifuata kinyumenyume inakupeleka mpaka kwenye milima ya Kentucky.

Dylan aliurekodi Novemba 1961, albamu ikatoka Machi 1962. Upangaji alioutumia haukuwa wake mwenyewe, ulikuwa wa Dave Van Ronk, jamaa mmoja mkubwa wa mwili na wa sauti aliyekuwa kama kaka mkubwa wa wanamuziki pale Greenwich Village, New York. Van Ronk ndiye aliyeuwekea ule mfuatano wa kodi wenye besi inayoshuka ngazi kwa ngazi. Siku moja Dylan anamfuata anamuuliza, vipi kaka, naweza kuurekodi huu wimbo kwa upangaji wako? Van Ronk anamwambia subiri kidogo, na mimi naingia studio hivi karibuni kuurekodi, we uweke kwenye albamu yako ijayo. Dylan kimya, kwa sababu alikuwa ameshaurekodi tayari! Van Ronk alikuja kulisimulia hili mara nyingi, na sehemu inayofuata ndiyo inayonigusa zaidi, kwamba baada ya albamu ya Dylan kutoka alilazimika kuacha kuuimba, maana kila akiuimba watu wanasema anamkopi Dylan. Halafu The Animals walipotoka, Dylan naye akaacha, kwa sababu watu wakawa wanasema anawakopi The Animals. Van Ronk hapo alipata faraja kidogo.

Lakini hata yeye aliutoa mahali. Aliusikia kwa Hally Wood, mwimbaji mwanamke wa Texas, na Hally Wood aliutoa kwenye rekodi ya msichana wa Kentucky. Huyu msichana ndiye sababu ya mimi kukaa chini kuandika yote haya.

Septemba 1937. Alan Lomax, kijana wa miaka 22 anayefanya kazi na Maktaba ya Bunge la Marekani, anazunguka milima ya mashariki ya Kentucky na mke wake Elizabeth na mashine inayochonga sauti moja kwa moja kwenye sahani. Anakusanya nyimbo za watu wa kawaida kabla hazijapotea. Anafika mji mdogo unaitwa Middlesboro, ni nchi ya makaa ya mawe, wanaume wanashuka migodini, na kwenye nyumba moja watu wanakusanyika kumwimbia. Mmoja wao ni Georgia Turner, binti wa mchimba makaa, miaka 16. Anaimba bila ala yoyote. Anauita Rising Sun Blues.

Itafuteni ile rekodi, ipo mtandaoni na ni fupi. Sauti ni nyembamba, ya puani kidogo, sahani inakwaruza, hajaribu kumpendeza mtu. Na ni msichana anayesema haya maneno, hapo ndipo mambo yote yalipo. Nyumba iliyoko New Orleans imewaharibu wasichana wengi maskini na yeye ni mmoja wao. Angemsikiliza mama yake leo angekuwa nyumbani. Mpenzi wake ni mlevi. Anatuma salamu kwa mdogo wake wa kike asije akafanya alichofanya yeye. Halafu kuna ubeti wa stesheni, mguu mmoja uko chini na mwingine umeshapanda treni, anarudi kule kule kuvaa mnyororo. Anarudi! Anajua kabisa kinachomsubiri, ameshamuonya mdogo wake, na bado anapanda. Binti wa miaka 16 anaimba hayo akiwa amesimama sebuleni kwa watu na wala hatetemeki.

Wimbo haukuanzia kwake, hilo tuliweke sawa. Maneno yake yalishachapishwa kwenye jarida moja la Marekani 1925, na mwaka 1933 Clarence Ashley na Gwen Foster walishaurekodi kibiashara, Ashley akisema aliurithi kwa babu yake. Ashley alikuwa anazunguka na zile shoo za wauza dawa, wale wanaopiga muziki ili watu wakusanyike wauziwe dawa ya kila ugonjwa, kwa hiyo unaweza kuona wimbo ulivyokuwa unasafiri, mji kwa mji, kituo kwa kituo. Roy Acuff alikaa naye kwenye kazi hizo, akaja kuurekodi na yeye 1938. Kwenye toleo la Ashley anayeharibikiwa ni mwanaume. Kwa hiyo wimbo ulikuwa unaimbwa na wote wawili tangu zamani, kila mtu anauvaa kwa mwili wake.

Ila rekodi iliyotembea New York ni ya Georgia. Lomax alirudi nayo, akauchapisha kwenye kitabu 1941 na jina la Georgia Turner akaliweka, hapo nampa heshima yake. Kutoka hapo moto ukasambaa, Woody Guthrie akauimba na kundi la Almanac Singers mwaka huo huo, Josh White akaupiga, Lead Belly akaupiga, Pete Seeger, Joan Baez kwenye albamu yake ya kwanza ya 1960, Nina Simone akauimba pale klabu ya Village Gate.

Na Miriam Makeba! Hili watu wengi hawalijui na linanifurahisha sana. Kwenye albamu yake ya kwanza Marekani, 1960, ile ile yenye Qongqothwane na Mbube, katikati ya nyimbo za Kixhosa na Kizulu kuna House of the Rising Sun. Miaka minne kabla ya The Animals. Mwanamke wa Johannesburg, mbali na kwao, anaimba habari za binti aliyepotelea mjini, na anauimba kwa utulivu fulani unaokukaa kifuani. Mi naona kati ya wote waliouimba kabla ya 1964 yeye na Nina Simone ndio waliouelewa kwa ndani.

Georgia mwenyewe alihamia Michigan, akaolewa, akazaa, akalea, maisha yakaendelea. Akafariki 1969 akiwa na miaka 48. Mirabaha aliyowahi kuiona kutokana na huo wimbo haikufika hata dola 200. Wakati huo redio za dunia nzima zilikuwa zinaupiga, na yeye alikuwa palepale Michigan na kifua kinachomsumbua.

Sasa turudi kwa The Animals na kitu walichokifanya kwenye maneno. Dylan aliuimba kama msichana, hakubadilisha, mwanaume anaimba maneno ya mwanamke na wala hajali. The Animals wakageuza, msichana akawa mvulana, mpenzi mlevi akawa baba mcheza kamari. Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo iliyoufungulia wimbo mlango wa redio, kwa sababu nyumba ikiwa ya kumharibu msichana kila mtu anajua ni danguro, ikiwa ya kumharibu mvulana inaweza kuwa kamari, pombe, jela, chochote unachotaka wewe. Na kwa upande mmoja walipata kitu kizuri, baba mcheza kamari anamwachia mwana laana yake, hiyo ni hadithi nzito na Burdon anaiimba kama ya kwake. Lakini ule mnyororo unabaki pale mwishoni hauna maelezo. Kwenye toleo la Georgia mnyororo una maana, ni wa mwanamke anayerudi kwa mtu au mahali panapommiliki. Kwa mvulana wa The Animals umebaki tu kama kovu la wimbo wa zamani, ukisikiliza vizuri unalisikia.

Kuhusu nyumba yenyewe sitakaa sana. Watu wa New Orleans wana majibu mengi, wengine wanasema lilikuwa danguro la mama mmoja, wengine jela ya wanawake, wengine wanaonyesha mtaa wa Conti ambako kulikuwa na hoteli ya jina hilo iliyoungua 1822, na wachimbaji wa mambo ya kale walipochimba pale 2005 walikuta vyungu vingi vya vipodozi. Hakuna kilichothibitishwa. Kwangu haina shida, Georgia wa Middlesboro alikuwa anaiona hiyo nyumba vizuri tu.

Baada ya 1964 kava, yaani wengine kuurekodi upya, zikawa mvua. Mwaka huo huo Johnny Hallyday akauimba kwa Kifaransa kama Le Pénitencier, humo nyumba imekuwa jela kabisa, ukawa moja ya nyimbo zake kubwa za maisha. Frijid Pink wa Detroit wakaubeba wakauchoma moto, gitaa limejaa fazi, ule mkwaruzo wa makusudi, mpaka huwezi kutofautisha nyuzi, wakaingia kumi bora za Marekani 1970. Watu wanawadharau wale, mimi nawapenda, kwa sababu hawakujaribu kumwigiza Valentine, walichukua ule uchungu wakauweka kwenye spika. Santa Esmeralda 1977 wakauweka kwenye disko, sawa, watu walicheza. Five Finger Death Punch miaka ya 2010 wakauhamishia Las Vegas kwa gitaa za muziki wa metali, sauti ni kubwa lakini simsikii mtu aliyeharibikiwa mle ndani.

Dolly Parton ni habari nyingine. Aliuweka kwenye albamu yake ya 1980, na Dolly ni binti wa milima ile ile kwa upande wa Tennessee, familia maskini, watoto 12. Akaurudisha kwa mwanamke. Muziki umepakwa rangi ya miaka ile, mapigo ya disko yamo, kuna watu hawaelewi kwa nini naupenda, lakini sikiliza yeye peke yake, weka vyombo pembeni. Anaimba bila kujificha kwamba ile nyumba ni ya biashara gani. Tangu Georgia alipoimba 1937 mpaka hapo ilikuwa imepita zaidi ya miaka 40, na mwanamke wa milimani akausema tena wazi kwenye redio za kantri.

Na kuna wazee wa The Blind Boys of Alabama, waimba injili, wengi wao hawaoni, kundi lililoanzishwa kwenye shule ya wasioona mwaka 1939. Kwenye albamu yao ya 2001, Spirit of the Century, walichukua maneno yote ya Amazing Grace wakayaimba juu ya muziki wa House of the Rising Sun. Yanaingia bila kusukumwa. Kodi zile zile, kuyumba kule kule, ila sasa aliyepotea amepatikana. Clarence Fountain na wenzake wanaimba kwa sauti zilizochakaa za wanaume waliokula chumvi nyingi, gitaa linatembea polepole nyuma yao, na hakuna hata neno moja la New Orleans, hakuna nyumba, hakuna mnyororo, lakini kila anayeujua wimbo anaijua hiyo nyumba iko wapi. Mimi nikimtambulisha mtu kwenye huu wimbo huwa nampigia wa Georgia kwanza, halafu The Animals wenyewe wale wa dakika 4 na nusu sio ule uliokatwa, halafu hawa wazee, na simwambii majina mpaka amalize yote matatu.